KASISI WA MCHANGA MWEUSI: MAISHA YA WILLIAM GREGOR (1761–1817)

Najua ukurasa huu wa wasifu umezoea kubeba wafalme, wapigania uhuru na malenga wakubwa wakubwa. Mwaka huu naomba radhi, kwani nimekuletea kasisi wa kijijini, Mwingereza, aliyekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Katika vitabu vya kemia ni mtu mashuhuri, ila hapa kwetu Butali wengi hatumjui. Hata hivyo kazi yake imekuzunguka pande zote. Tazama rangi nyeupe ya dirisha la darasa lako, tazama dawa ya meno uliyotumia asubuhi, tazama hata karatasi nzito ya jalada la gazeti hili. Weupe wa vitu vya namna hiyo mara nyingi hutokana na unga mmoja, na mtu wa kwanza kugundua kwamba ndani ya unga huo mna metali isiyojulikana na mwanadamu yeyote alikuwa huyu kasisi.

Kwanza nieleze nilivyokutana naye, maana si kwa kusoma kitabu. Ni kwa aibu.

Muhula wa pili sisi wa kidato cha tatu tulitaka chumba chenye giza ili tufanye jaribio la kamera ya tundu la sindano. Chumba pekee kilichokuwa tayari ni stoo ndogo ya fizikia, nayo ina madirisha mawili ya kioo. Mimi, nikijifanya fundi, nikatoa shauri kwamba tusage vipande vya chaki, tukoroge na maji, tupake vioo. Tulipaka asubuhi nzima. Chaki ilipokuwa mbichi kioo kilionekana kama hakijapakwa kitu. Ilipokauka kikawa cheupe kidogo, lakini mwanga ukapita vile vile kama maji kwenye chujio. Wenzangu walicheka hadi wakashika mbavu. Mwishowe mlinzi wa shule akatuletea mkebe uliobaki wa rangi nyeupe ya mafuta iliyotumiwa kupaka milingoti ya magoli. Mikono miwili tu ya rangi hiyo, na stoo ikawa kama jioni. Tukaongeza mkono mmoja wa rangi nyeusi juu yake, ikawa usiku wa manane.

Sasa swali likanikaa rohoni. Chaki ni nyeupe na rangi ya magoli ni nyeupe. Mbona moja ilizuia mwanga na nyingine ikashindwa? Nikampelekea mwalimu wetu wa kemia swali hilo, naye badala ya kunijibu akanipa kazi ya kutafuta habari za mtu aitwaye William Gregor. Basi ndiyo haya.

William Gregor alizaliwa siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1761, katika jimbo la Cornwall, kusini magharibi kabisa ya Uingereza, pale nchi inapoingia baharini kama kidole. Jamaa yake walikuwa watu wa mashamba na mali, na makazi yao yaliitwa Trewarthenick. Cornwall ilikuwa nchi ya machimbo. Huko watu walikuwa wakichimba bati na shaba tangu zamani za kale, na mtoto wa huko alikua akiona mawe ya rangi rangi kama sisi tunavyokua tukiona miwa. Nadhani jambo hilo lilimjenga zaidi ya lolote jingine.

Alisoma shule ya sarufi mjini Bristol, na huko ndiko alikoonja kemia akaipenda. Baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge, katika chuo cha St John's, akapata shahada yake ya kwanza mwaka wa 1784 na ya pili mwaka wa 1787. Lakini asidhani mtu kwamba alisomea kazi ya maabara. Siku zile kemia haikuwa kazi ya kumlisha mtu. Gregor alipata upadirisho katika kanisa la Kianglikana akawa kasisi, kwanza huko Devon, jimbo jirani. Mwaka wa 1790 alifunga pingu za maisha na Charlotte Anne Gwatkin, wakajaliwa binti mmoja. Mwaka wa 1793 akahamia parokia ya Creed, kule kwao Cornwall, na hapo ndipo alipokaa hadi mauti yalipomfika.

Wanaomweleza wanasema alikuwa mtu mpole, asiyependa makuu. Alichora picha za mandhari, alichonga picha kwenye bamba za metali, na alikuwa mpiga muziki. Shika sana hilo la uchoraji, msomaji, tutalirudia.

Sasa tuingie kwenye kisa chenyewe. Katika bonde la Manaccan, huko huko Cornwall, kulikuwa na kijito kilichokuwa kikiacha mchanga mweusi. Ulikuwa mchanga mzito, chembe zake ndogo, na ukiutazama ungesema ni baruti ya bunduki. Watu walipita juu yake miaka nenda miaka rudi. Wale ndugu zetu wanaochuja dhahabu kule Ikolomani wanaujua mchanga wa jinsi hii: ule mzito unaobaki chini ya karai baada ya maji kuondoa udongo. Wao huutazama kwa jicho la kutafuta dhahabu, na wasipoiona humwaga. (Sisemi kwamba mchanga wa Ikolomani una alichokipata Gregor. Weusi peke yake si ushahidi, na mwalimu amenionya nisianzishe fujo ya watu kuchimba mito.)

Mwaka wa 1791 Gregor, kijana wa chini ya miaka thelathini, aliuchukua mchanga wa Manaccan akaupima. Sumaku iliuvuta, kwa hiyo akajua una chuma. Hapo wengi wangefunga daftari, maana mchanga mweusi unaovutwa na sumaku, bila shaka ni chuma. Lakini yeye alikuwa na tabia ya kupima mpaka mwisho. Alitumia asidi kutenganisha kitu kimoja na kingine, akapima uzito wa kila kilichotoka. Karibu nusu ya mchanga ilikuwa oksaidi ya chuma kweli. Kidogo kilikuwa silika, yaani asili ya mchanga wa kawaida. Iliyobaki, kiasi cha sehemu 45 hivi kwa kila 100, ilikuwa unga wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na unga huo haukulingana na kitu chochote alichokijua.

Hebu fikiria. Angekuwa na sehemu mbili kwa mia zisizoeleweka angesema ni uchafu, au mizani imekosea. Lakini sehemu 45! Karibu nusu ya mzigo haina jina. Akauyeyusha unga ule katika asidi ya sulfuriki, akapata maji ya manjano. Akatia zinki, na maji yale ya manjano yakageuka zambarau. Akajaribu kwa bati, akajaribu kwa chuma, zambarau ikaja tena. Hakuna metali iliyojulikana wakati ule iliyokuwa na tabia hizo zote pamoja. Leo tunajua sababu: zinki ilikuwa ikiipa metali ile elektroni, nayo ikahama kutoka hali moja hadi nyingine, na hali hiyo ya pili ndiyo yenye rangi ya zambarau. Yeye hakujua habari za elektroni. Alikuwa na macho yake, mizani yake na subira.

Alitoa habari zake mwaka huo huo katika jarida la kemia la Mjerumani Crell, na pia katika jarida la Kifaransa. Alichukua jina la mahali mchanga ulipotoka, akauita menakanaiti, kwa ajili ya Manaccan. Hakujipigia ngoma. Alieleza aliyoyaona, akakubali kwamba kazi haijakamilika, akawaachia wataalamu wakubwa waithibitishe. Halafu akarudi kwenye mahubiri na mazishi na ubatizo wa watoto wa parokia.

Basi, msomaji, hapa ndipo mambo yanapoanza kunoga, maana miaka ikapita na watu wakamsahau. Mwaka wa 1795 huko Berlin mtaalamu mkubwa, Martin Heinrich Klaproth, ambaye tayari alikuwa amegundua urani mwaka wa 1789, alipima jiwe jekundu liitwalo rutaili, lililotoka Hungaria. Naye akapata oksaidi ya metali mpya. Hakujua kama ni ile ile ya Gregor. Akatafuta jina, akalichukua kwa Wagiriki wa kale, kwa wale majitu wa hadithi zao, watoto wa Mbingu na Ardhi, walioitwa Matitani. Ndipo likaja jina titaniamu. Jina tamu, jina lenye nguvu, likashika.

Mwaka wa 1797 Klaproth alipata menakanaiti akaipima kwa mkono wake. Kumbe! Ni metali ile ile. Sasa jiulize, wewe ungefanya nini? Wewe ni profesa mwenye sifa Ulaya nzima, na jina ulilolitoa limekwisha kuzoeleka. Upande wa pili yuko kasisi wa kijijini ambaye wala hagombei. Ungenyamaza tu, nani angejua? Klaproth hakunyamaza. Alitangaza wazi kwamba Gregor ndiye aliyetangulia. Waswahili husema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, na Klaproth hata kumnyonga hakumnyonga. Mimi nilipofika hapa nilikumbuka vile tunavyogombania majina kwenye ripoti za jaribio moja la kundi, eti nani aliandikwa wa kwanza, nikaona haya kidogo.

Ila nitasema langu: jina la Klaproth ndilo lililobaki, na hilo si haki kamili. Ukifungua chati ya elementi, namba 22, utakuta Titani wa Kigiriki, si Manaccan. Mwalimu wa kemia hakubaliani nami. Yeye anasema mwenye kuthibitisha ana haki ya kutaja jina. Tumeachana hapo.

Gregor mwenyewe hakuonekana kuumia. Aliendelea kupima madini ya Cornwall mwaka baada ya mwaka, na titaniamu akaipata tena katika madini ya namna nyingine. Chama cha Jiolojia cha Cornwall kilipoanzishwa mwaka wa 1814, naye alikuwamo. Lakini kifua kikuu kilikuwa kimemwingia, ugonjwa ambao siku zile haukuwa na dawa. Aliaga dunia mwaka wa 1817 huko Creed, akiwa na miaka 55. Hakuwahi kuiona titaniamu yenyewe hata chembe. Metali safi ilipatikana mwaka wa 1910 tu, kwa mikono ya Matthew Hunter huko Marekani. Gregor alikuwa ameiona ikiwa imeshikamana na oksijeni, basi.

Sasa nirudi kwenye uchoraji, kama nilivyoahidi. Mchoraji wa zama za Gregor alipotaka rangi nyeupe ya mafuta alitumia unga wa risasi, nayo ni sumu. Iliwaua wafanyakazi wa viwanda vya rangi polepole, ikiwashika tumbo, mishipa na akili. Watoto nao hupata madhara makubwa zaidi wakila vumbi la rangi ya namna hiyo, ndiyo maana Kenya imeweka kikomo cha risasi katika rangi, sehemu 90 tu kwa kila sehemu milioni. Na kasisi huyu mchoraji alikuwa ameshika mkononi, bila kujua, chanzo cha weupe ambao ungekuja kuondoa ule wa sumu. Ilichukua miaka 125 watu kung'amua.

Mwaka wa 1916 ndipo viwanda vya unga mweupe wa titaniamu vilipoanza, Norway upande mmoja na Niagara Falls huko Marekani upande wa pili. Na hapa ndipo jibu la swali langu la madirisha lilipo, kwa hiyo nivumilie nieleze polepole.

Chukua chembe moja kubwa ya sukari, ile ya hapa hapa Butali. Itazame kwenye jua, utaona inapitisha mwanga kama kioo. Sasa twanga sukari hiyo iwe unga. Imekuwa nyeupe pepe! Hukuongeza rangi yoyote. Kilichotokea ni kwamba mwanga kila unapotoka hewani kuingia katika chembe hupinda, na unapotoka hupinda tena, na kiasi hurudi nyuma. Chembe zikiwa nyingi, mwanga unapindapinda mpaka unapotea njia na kurudi ulikotoka. Macho yako yanaona weupe. Yaani weupe ni mwanga uliofukuzwa mlangoni.

Lakini kupinda kunategemea tofauti ya vitu viwili vilivyokutana. Wataalamu wana namba ya kupima jambo hili. Hewa ni 1, maji ni 1.33, mafuta ya kupakia rangi ni kama 1.5, chaki karibu 1.6. Almasi, ambayo inasifiwa kwa kumetameta, ni 2.4. Oksaidi ya titaniamu ya aina ya rutaili ni 2.7, imeipita almasi. Sasa ona: chaki ikiwa kavu imezungukwa na hewa, 1.6 kwa 1, inaonekana nyeupe. Ukiitia kwenye maji tofauti inapungua, ukiitia kwenye mafuta ndiyo karibu iishe kabisa, mwanga unapita kama hapana kitu. Ni kama ile karatasi ya kufungia mandazi. Ikiwa kavu huoni kitu kupitia kwake, ila mafuta ya mandazi yakiingia unaweza karibu kusoma gazeti lililo upande wa pili. Ndiyo sababu chaki yangu mbichi ilikuwa bure. Titaniamu hata ndani ya mafuta bado ina tofauti kubwa, 2.7 kwa 1.5, kwa hiyo inaendelea kufukuza mwanga.

Na ukubwa wa chembe nao si mchezo. Chembe ikiwa kubwa mno unapoteza mali bure. Ikiwa ndogo mno mwanga hauioni, unaipita. Kipimo kinachofaa ni kama nusu ya urefu wa wimbi la mwanga wenyewe, kati ya mikroni 0.2 na 0.3. Unywele mmoja wa kichwa chako una upana wa chembe zaidi ya mia mbili za namna hiyo zikipangwa mstari. Na unga huo hautwangwi kwa kinu ukafika hapo. Mchanga mweusi husagwa kwanza, ukayeyushwa katika asidi kali ya sulfuriki, chuma kikaondolewa, kisha maji ya titaniamu yakachemshwa mpaka unga mweupe ukajitenga wenyewe ndani ya maji, kama maziwa yanavyoganda. Baadaye unachomwa kwenye tanuri na kusagwa tena ili chembe zilizoshikana ziachane. Hii ndiyo njia ya zamani, na bado inatumika. Njia ya pili, ya kutumia klorini, ilikuja miaka ya 1950.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni kwamba ungaunga ule wa kwanza haukuwa titaniamu tupu. Titaniamu ilikuwa ghali. Kwa hiyo mafundi walichukua bariamu salfeti, unga mweupe wa bei nafuu, wakaifanya titaniamu ijitenge na maji juu ya chembe za unga huo. Robo moja titaniamu, robo tatu bariamu. Unga wa mchanganyiko, na ulizuia mwanga vizuri kuliko vile ungedhani kwa robo moja. Nyanya yangu alipokuwa akikandika nyumba hakutia kinyesi cha ng'ombe na majivu pekee, alichanganya na udongo ambao haumgharimu kitu, akaweka kile kizuri katika mkono wa juu. Ukimwambia kwamba hiyo ni kemia ya viwanda atakucheka, lakini shauri ni lile lile.

Baadaye likazuka tatizo. Rangi za titaniamu za mwanzo zikiachwa juani zilikuwa zikitoa vumbi, ukipitisha kidole kinakuwa cheupe. Kumbe titaniamu yenyewe, ikipigwa na miale ya jua, ilikuwa ikiyala mafuta yaliyoishika ukutani! Mlinzi amekuwa mwizi. Dawa yake ikawa kuivika kila chembe ganda jembamba la silika au la oksaidi ya alumini, kama karanga zinavyovikwa sukari. Kwa hiyo hata leo chembe moja ya unga huo mara nyingi si kitu kimoja. Ni titaniamu ndani, koti nje. Na pale ambapo mwanga hautakiwi kupita hata chembe, kama mapazia ya vyumba vya giza, huwekwa tabaka jeusi la masizi katikati. Nyeupe hufukuza mwanga, nyeusi huumeza ule uliopenya. Ndivyo stoo yetu ilivyopata usiku wake, na sisi hatukujua kama tumefuata kanuni.

Ukisaga titaniamu ikawa ndogo zaidi, chini ya mikroni 0.1, weupe hupotea lakini miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi, bado huzuiwa. Unga huo na ule wa oksaidi ya zinki hutumika katika krimu za kukinga ngozi. Kwa ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi krimu ya kukinga jua si urembo, ni uhai, maana saratani ya ngozi huwakuta mapema. Huko Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, kuna krimu inayotengenezwa hasa kwa ajili yao. Nisiseme uongo kwamba unga huu hauna walakini. Kuvuta vumbi lake kifuani ni hatari kwa wafanyakazi, na Umoja wa Ulaya ulikataza mwaka wa 2022 usitiwe tena katika vyakula.

Haya, na sisi je? Mchanga wa Gregor tunao. Pwani ya Kenya ina matabaka ya mchanga wenye titaniamu, Kwale, Vipingo, Sokoke na Mambrui. Miaka ya 1990 kampuni ya Kanada iliyoitwa Tiomin ilianza kuutafuta, na kukawa na mabishano marefu kuhusu fidia ya wakulima wa Maumba na Nguluku waliotakiwa kuhama. Baadaye mradi ukanunuliwa na Base ya Australia, na machimbo ya Kwale yakaanza kazi mwishoni mwa mwaka wa 2013. Mzigo wa kwanza ulipakiwa melini Likoni mapema mwaka wa 2014. Kwale walitenganisha mchanga kwa maji, kisha kwa sumaku zenye nguvu na kwa umeme: ilmenaiti huku, rutaili huku, zirikoni kule. Ilmenaiti ndiyo menakanaiti ya kasisi wetu kwa jina jingine. Sumaku aliyoitumia mezani kwake ilikuwa imekuwa mashine refu kama nyumba.

Machimbo hayo yalifungwa mwishoni mwa mwaka wa 2024, mchanga wenye faida ulipokwisha. Kwa miaka yote hiyo kumi na moja mchanga ulisafirishwa ukiwa mchanga. Kazi ya asidi, tanuri na makoti ya silika ilifanywa ng'ambo. Nilimwuliza mwalimu kama mkebe wa rangi ya magoli yetu unaweza kuwa na titaniamu ya Kwale, iliyotoka Likoni ikazunguka dunia ikarudi Butali kwa bei ya dukani. Alisema inawezekana kabisa, ila hakuna wa kuthibitisha. Nililala na jambo hilo siku mbili tatu.

Likizo ya Agosti mwenzetu mmoja wa kidato cha pili, ambaye mjomba wake hufanya kazi Malindi, alirudi na mchanga mweusi wa ufuo wa Mambrui ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Unameta meta. Tuliumwaga juu ya karatasi, tukapitisha sumaku chini yake, na sehemu ya chembe ikasimama kama nywele za paka aliyetishwa. Nyingine hazikusogea. Mimi nilitaka tuendelee siku hiyo hiyo mpaka tuione ile zambarau. Mwalimu alikataa katakata, kwa sababu mchanga huo hauyeyuki bila asidi ya sulfuriki kali tena ya moto, na maabara yetu haina kabati la kuvuta moshi. Ameufungia mkebe kwenye rafu ya juu, karibu na chupa ya zinki, na ufunguo anao yeye.